Bwawa la mtumba juu ya mawe ya Igogo

Aisee mimi ni mtu mzima, nina watoto watatu na mvi za kutosha, lakini mwezi uliopita nilitoa laki mbili na nusu yangu halali nikanunua bwawa la kuogelea. La mtumba. Na nakaa Igogo mlimani, hapa Mwanza, yaani nikifungua mlango tu ziwa lote hili hapa, ziwa kubwa kuliko yote Afrika, kilometa za mraba 68,000 na ushee, halafu mimi huyo napandisha bwawa juu ya mawe. Mama watoto aliliangalia lile furushi, akaangalia ziwa, akaniangalia mimi, akaingia ndani kusonga ugali. Hakusema neno. Hapo ndo nilitakiwa kuogopa.

Lakini sababu nilikuwa nayo bana. Watoto wamefunga shule, kila siku wako ziwani, na nimechoka kuwapeleka kupimwa kichocho, maana vile vidudu vinatoka kwa konokono wa majini vinapenya ngozi hivi hivi hata usipokunywa maji, mtoto anaingia anacheza dakika kumi anarudi nyumbani na wageni. Sasa nikakutana na jamaa anauza vitu vya kwenye kontena, akaniambia kaka mkubwa hii imetoka Marekani, vyuma na turubai lake, upana futi 12, unafunga dakika arobaini unaogelea. Dakika arobaini! Vijana wawili walitumia saa nzima kulitoa barabarani mpaka kwangu, kwa sababu kwangu hafiki bajaji, hafiki toyo, anafika mbuzi tu na yeye anahema.

Shida ya kwanza: kiwanja. Bwawa hilo likijaa linabeba lita 6,500, yaani tani sita na nusu zimekaa juu ya uwanja wa mita tatu na nusu na kidogo, na maji hayana adabu, upande ukiwa chini sentimeta kumi yote yanaegemea huko yanasukuma ukuta. Kwa hiyo panatakiwa pawe sawa kama meza. Nani ana meza Igogo? Huku hata sahani ukiiweka nje inatafuta njia ya kwenda bandarini. Fundi akaja na pima maji yake, akaiweka chini, kile kitone kikakimbilia pembeni kikakaa huko huko. Akacheka. Akaniambia ukitaka kusawazisha unachimba upande wa juu, hujazi upande wa chini, udongo wa kujaza unadidimia. Maneno mazuri sana ila upande wa juu ni jiwe, jiwe lenyewe limeanza kwangu limeishia chini ya nyumba ya jirani, kulipasua mpaka ulichome na matairi siku mbili ndo uligonge nyundo. Jirani ana kifua. Basi nikajaza upande wa chini.

Shida ya pili: tundu. Lilikuwa dogo, la msumari. Nikalipeleka kwa kijana wa pancha pale barabarani, yule anayeziba tyubu kwa moto, na kabla sijamaliza kusema "ngoja kwanza hii siyo mpira" ashaliminya kwenye kile kipasi chake, tukasikia harufu, akainua. Tundu la msumari limekuwa la kikombe cha chai. Akasema "mzee, material yenu hayo." Yenu! Nikatafuta kipande cha turubai la lori na gundi, nikapaka ndani na nje, nikaweka tofali juu usiku kucha. Limeshika. Halivuji. Linatoa jasho tu.

Mguu mmoja wa chuma haukuwepo, fundi wa kuchomelea akanitengenezea wa bomba, mzito kuliko mingine yote ikijumlishwa, hiyo tuiache.

Sasa pampu. Pampu ndo ilitakiwa kuchuja maji yasichafuke. Nikaibadilishia plagi, nikachomeka, ikalia mara moja kama mbuzi aliyekanyagwa, ikanyamaza, moshi ukatoka kwa utulivu kabisa. Kumbe Marekani wanatumia umeme wa volti 120 na sisi tuna 230, kibandiko kimeandika lakini kwa herufi za kusomwa na sisimizi. Ndo maana niliuziwa na pampu yake bila kuongeza hata mia.

Kujaza kulichukua wiki, maana bomba letu linatoka usiku kwa msimu, nalala na mpira mkononi kama mgonjwa wa dripu. Mtoto wa mwisho ndo alihesabu, akasema baba hizi ni ndoo 325 za lita ishirini. Nikamwambia nenda kalale. Lilipojaa udongo wangu ukadidimia kama fundi alivyosema, upande mmoja maji yanafika kifuani kwa mtoto, upande wa pili ni ya kunawa miguu. Watoto wakaogelea siku tatu. Siku ya nne maji yakawa kijani, wakarudi ziwani.

Nikasema hapana, laki mbili na nusu hii lazima nioge. Jumapili mchana jua kali, nikavaa bukta, nikaingia, nikakaa chini upande wa kina, raha kabisa, nafumba macho, nasikia "Hodi hapa." Mama mkwe. Katoka Magu bila taarifa. Na mimi kifua wazi! Nikazama mpaka kidevuni, nikashukuru Mungu kwa ule ukijani, nikasema shikamoo mama. Akaitikia amegeukia kwenye ukuta, akauliza, "Mkwe, unafanya nini humo?"

Hivi wewe ungejibu nini?

Nikasema, "Nakagua bwawa la samaki mama."

Akageuka haraka. Akachungulia maji. "Yameiva haya! Kijani kizuri, sato wanapenda. Vifaranga mmeweka?" Nikasema bado mama, hawajafika. "Wabeja, mkwe wangu," akanishukuru kwa Kisukuma, na kwa mara ya kwanza toka nimwoe binti yake nikaona ananiangalia kama mtu mwenye akili. Nikakaa mle majini saa nzima mpaka alipoingia ndani kula.

Jana karudi. Kapanda ule mlima wote na kijana nyuma yake kabeba ndoo kichwani, mfuniko umetobolewa matundu, ndani kitu kinacheza. Nikamwangalia mama watoto aniokoe. Akaweka mwiko chini, akasogea mpaka kwenye bwawa, akafungua mdomo kuhusu hili suala kwa mara ya kwanza toka lianze.

"Mama, wamwage tu. Baba yao yupo."