Kahawa ya Elfu Nane

Mimi si mtu wa mambo mageni. Kwa miaka 26 nimetengeneza magari Magomeni, na kila jioni, baada ya kunawa grisi, hukaa kijiweni kwenye benchi lile lile nikanywa vikombe vitatu vya kahawa chungu, kila kimoja shilingi 200, huku wacheza drafti wakibishana na mashabiki wa Simba na Yanga wakitukanana kwa heshima zote. Sijawahi kuulizwa ninataka kahawa ya aina gani. Muuzaji hugonganisha vikombe vyake, mimi huinua kidole, kahawa humiminwa. Laiti ndoa zingeendeshwa kwa utaratibu huo, mabaraza ya usuluhishi yangekosa wateja.

Jumamosi iliyopita akaja mpwa wangu, ambaye anafanya kazi ya kompyuta niliyoelezwa mara nne bila kuielewa, akanisalimia vizuri kisha akatangaza kwamba siku hiyo ananitoa, tunakwenda Masaki kunywa kahawa. Nikamwambia kahawa ipo hapa hapa, wala haihitaji nauli. "Mjomba, jaribu kitu kipya," akasema. Mara ya mwisho kujaribu kitu kipya nilikula tambi za Kichina kwa vijiti, nikarudi nyumbani na njaa yangu na mchuzi kwenye shati. Lakini mtoto wa dada yako akikuomba, naye amekukuta umeshavaa viatu, utajitetea kwa lipi?

Mgahawa wenyewe una giza la makusudi. Balbu zinaning'inia kwenye nyaya tupu kama za nyumba ambayo fundi umeme ameikimbia kwa kutolipwa, na ukuta haukupigwa lipu, jambo ambalo kwetu ni dalili ya mtu aliyeishiwa, kumbe huko ndiyo urembo. Nilielekezwa kwenye kochi lililonimeza hadi magoti yakakaribia kidevu, nikaanza kuwaza namna ya kutoka kabla hata sijamaliza kuingia. Vijana walijaa tele, kila mmoja na kompyuta yake, kimya kama chumba cha mtihani. Hicho ni kijiwe gani ambacho watu 20 wanakunywa kahawa na hakuna hata mmoja anayebisha?

Binti wa huduma akaja na "Shikamoo baba, karibu sana," na hapo nikalegea kidogo, kwa sababu adabu ni adabu hata gizani. Menyu yake ndiyo iliyonitoa jasho. Mpwa wangu alinieleza kwamba cappuccino imepata jina lake kutokana na rangi ya kanzu za watawa Wakapuchini. Hao ninawafahamu, nimeziona kanzu zao miaka mingi hapa Dar es Salaam, lakini sikujua kwamba zinaweza kuagizwa na povu juu. Nikaomba kahawa chungu ya kawaida, isiyo na utawa wowote.

Wakati inaandaliwa nilijikongoja kutoka kwenye lile kochi nikaenda kuitazama mashine yao, maana mtu wa gereji hawezi kusikia kitu kinatoa mvuke akakaa tuli. Kijana anayeiendesha alinieleza kwamba maji ya moto yanasukumwa kupita kwenye unga wa kahawa kwa mgandamizo wa bar 9, kwa sekunde 25 hadi 30 tu. Gari dogo tunalijaza upepo wa bar 2 na kidogo, na watu wanakwenda nalo Dodoma! Nikarudi kukaa nikisubiri matokeo ya nguvu zote hizo, nikaletewa kikombe chenye kahawa ya vijiko viwili vya mezani. Nikakitazama. Kilikuwa kikombe kile kile cha kijiweni, kwa udogo na kwa weusi, isipokuwa hakikuwa na tangawizi na kilikuja kimekaa kwenye sahani.

Binti alipouona uso wangu akapendekeza nyingine, ya kuchujwa kwa karatasi, shilingi 8,000. Nilipiga hesabu papo hapo: vikombe 40 vya kijiweni, yaani siku 13 na kimoja cha kumkaribisha jirani. Nilikuwa nafungua kinywa kukataa aliposema kwamba hiyo inatoka Kilimanjaro.

Hapo alinishika pabaya. Mimi nimezaliwa kihambani, chini ya migomba, na katikati ya migomba ilikuwapo kahawa. Tulichuma buni nyekundu moja moja, tukazikoboa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, tukazivundika, tukaziosha kwenye maji ya mfereji, tukazianika kwenye chekeche huku mtoto mmoja akilinda mvua, na aliyesinzia alikula fimbo. Kisha zilikwenda chamani, kwa KNCU, ule ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, uliokuwapo tangu 1933, kabla baba yangu hajavaa suruali. Ada ya shule ilitoka humo, na daftari, na zile kaptura za kaki. Nyumbani tulikunywa chai. Nilisomeshwa na kahawa hadi darasa la saba bila kuonja kikombe chake kimoja, na nilipokuja mjini nikafundishwa kuinywa na watu wa Magomeni.

Basi ikaletwa, nyepesi kama chai ya mgonjwa. Nikapiga funda la kwanza: uchachu kama wa chungwa. Nikajiandaa kulalamika, na malalamiko nilikuwa nayo ya kutosha, lakini ilipopoa kidogo ukaja utamu ninaoufahamu, ule wa ganda la buni mbivu tulilokuwa tukifyonza kwa siri wakati wa kuchuma kisha tukatema punje kwenye kikapu. Nikanyamaza.

"Mjomba, vipi?"

"Imepoa," nikamjibu, nikaimaliza yote.

Matatizo yalianza Jumatatu. Nilikaa kijiweni, nikainua kidole, nikanywa, na kabla akili haijauzuia mdomo nikamwambia muuzaji, "Leo umeikaanga kupita kiasi." Vikombe viliacha kugongana. Wa drafti aliyekuwa anakaribia kula kete tatu alibaki na mkono hewani. Imekuwa siku ya nne sasa wananiita Mzungu wa Masaki, na muuzaji ananihudumia wa mwisho.

Isitoshe, kofia yangu niliisahau kwenye lile kochi. Mpwa wangu ameshawapigia, wameiona, akasema ataituma kwa bodaboda jioni hiyo hiyo. Nimemkatalia katakata. Kofia ile ni ya heshima, haiwezi kupandishwa bodaboda na mtu asiyeijua. Nitaifuata mwenyewe Jumamosi, asubuhi, kabla hawajajaa.