Waini ikichacha, msituuzie

Hivi kwa nini baa nyingi hapa Kigoma haziwezi kutunza waini? Umekaa zako Mwanga jioni, unaagiza glasi ya waini nyekundu ya Dodoma, mhudumu anakumiminia kutoka kwenye chupa iliyoshinda kaunta siku kadhaa, kizibo hakipo, mdomoni imezibwa na tishu. Ukinusa tu, siki! Ukilalamika unajibiwa, "Kaka, pombe haiozi."

Inaharibika. Waini ina kilevi cha asilimia 12 hadi 14 hivi. Ikifunguliwa hewa inaingia, bakteria wanageuza kilevi kuwa asidi ileile ya siki. Joto letu hili ndiyo linaharakisha kabisa. Wiski ndiyo inavumilia, maana ina asilimia 40 au zaidi, ukiifunga vizuri inakaa miezi. Msizichanganye.

Na friji lipo, limejaa bia (bia mnaijali, hilo nakiri). Chupa moja tu ya waini inakosa nafasi? Rudishieni kizibo, iingie kwenye baridi, iuzwe ndani ya siku tatu hadi tano. Ikizidi hapo, ipelekeni jikoni ikalainishie nyama, msinitoze bei ya glasi nzima.