Stika ya oili haijui gari yako inaishi vipi

Juzi nimetoka kufanya sevisi, nakaa kwenye siti naona stika mpya kwenye kona ya kioo, kilometa zangu za siku ile jumlisha 5,000, ndo nirudi kubadilisha oili, imeandikwa kwa peni, basi. Oili nilikuja nayo mwenyewe mkononi, sintetiki, daraja lile lile kitabu cha gari kinalotaka, na hakuna aliyegeuza hata kopo kusoma. Hakuna aliyeuliza gari inashinda wapi. Nimechungulia gari ya jirani yangu kwenye mstari, 5,000. Ya nyuma yake, dizeli ya mizigo, 5,000. Nikamuuliza fundi kwa nini kila mtu 5,000, akanijibu "bosi, ndo inavyokuwaga."

Ndo inavyokuwaga! Najua inakotoka. Kuna ile sheria ya maili 3,000, ambazo ni kama kilometa 4,800, imetokana na oili za zamani zilizokuwa zinachoka mapema na injini za zamani zilizokuwa zinazichafua haraka. Siku hizi vitabu vingi vya gari za petroli vinakwambia 10,000, vingine mpaka 15,000, au mwaka mmoja, kinachotangulia. Hapo mjuaji anaruka juu, "si nilisema! mafundi wanatuibia!" Tulia kwanza. Geuza kurasa mbili tatu mbele utakuta jedwali la pili, la matumizi magumu, ambalo hakuna anayelisoma, na mara nyingi linakata ile namba nusu. Matumizi magumu yenyewe ni yapi? Vumbi, foleni, safari fupi fupi, kuvuta au kubeba mizigo, gari kuunguruma imesimama. Haya niambie nani hapo hayumo.

Kinachoniudhi ni kwamba tunabishana kilometa ngapi wakati kilometa ndo kipimo kibovu kuliko vyote. Chukua gari mbili, zote zimetembea 10,000. Moja ni ya safari ndefu, wastani wa kilometa 80 kwa saa, injini yake imefanya kazi masaa 125. Nyingine ni ya mjini kwenye foleni, wastani 20 kwa saa, hiyo imeunguruma masaa 500. Mia tano! Mara nne, na kwenye dashibodi zinasoma namba ile ile. Ukikaa nusu saa kwenye foleni umewasha AC, mita ya kilometa imelala, lakini oili huko chini inazunguka, inapigwa joto, inabeba masizi, viungo vyake vya kusafisha na kuzuia asidi vinaisha kidogo kidogo. Oili hazijui kilometa jamani, zinajua kazi.

Na kuna wale wa safari fupi, hawa ndo wananisikitisha maana wanajiona wastaarabu. Shemeji yangu gari yake ilikuwa ya kupeleka watoto shule na kurudi, kilometa mbili kwenda mbili kurudi, inang'aa, mwaka mzima haijafika hata 4,000, anajisifu "mimi oili yangu bado mpya." Siku moja nikamfungulia kile kifuniko cha kujazia oili, kwa ndani kimeganda ute wa rangi ya maziwa, mzito kama losheni. Ni maji yale. Petroli ikiungua inatoa mvuke wa maji, kiasi kinapita kwenye ringi za pistoni kinashuka kwenye oili, na injini isipopata moto vya kutosha yale maji hayatoki, yanabaki humo na petroli ambayo haikuungua, oili inakuwa nyepesi na chachu. Yeye alikuwa anahesabu kilometa wakati alitakiwa ahesabu miezi. Nikamwambia shem, wewe ni miezi sita, mita usiiangalie kabisa. Alinuna, ila alibadilisha.

Wanaosema "imekuwa nyeusi, imekufa," hongereni kwa macho, dizeli inageuza oili nyeusi siku chache tu baada ya kubadilishwa na haina shida yoyote. Wenye gari yenye kompyuta inayopiga hesabu ya maisha ya oili, iaminini kiasi, nyingi zinakisia kwa joto na mizunguko ya injini, hazijaonja oili yenyewe. Na wanaobadilisha oili wakaacha filta ya zamani, sina la kusema, ni sawa na kuoga ukarudia soksi zile zile.

Lakini acha niwe siriasi hapa. Injini ngapi zimekufa oili ikiwa bado haijafikisha muda, ila imepungua? Kuna watengenezaji wanaosema injini ikila mpaka lita moja kwa kilometa 1,000 bado ni kawaida. Kati ya alama ya chini na ya juu kwenye kijiti cha kupimia oili gari nyingi ni kama lita moja tu. Sasa wewe umeambiwa 10,000 ukafunga boneti mpaka siku hiyo! Usisubiri taa nyekundu, ile inasoma presha, haisomi ujazo, ikiwaka ujue beringi huenda zimeshaanza kusagana kavu, zima injini hapo hapo ulipo. Simamisha gari pa tambarare, zima, subiri dakika chache, chomoa kijiti, futa, rudisha, chomoa tena. Dakika chache tu, kila wiki mbili.

Yule fundi wa 5,000 nae, kwa shingo upande, nakiri kwa wengi wenu yuko sahihi, hasa wenye tabo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, na wa foleni, na oili ikiwahi kumwagwa haijawahi kuua injini. Ila angeniuliza swali moja tu, unaendesha wapi, ningeondoka namuombea dua.

Stika nimeshaibandua. Imebaki gundi kwenye kioo, nimekwangua jioni nzima haitoki.