Kabla ya kusaini fomu ya kutolewa kizazi

Upasuaji wa uvimbe wa kizazi, yaani fibroidi, mara chache sana huwa dharura. Naanzia hapo kwa sababu hapa Mwanza wanawake wengi hufika kwa daktari wa magonjwa ya wanawake wakiwa wameshakata shauri: mmoja anataka kizazi kitolewe yaishe, mwingine hataki hata kusikia kisu na ameshaanza mitishamba. Wote wawili wameamua kwa karatasi ile ile ya ultrasaundi, ambayo hakuna aliyekaa nao kuwasomea.

Kwenye karatasi hiyo, idadi ya uvimbe ndiyo inayotisha watu, lakini ndiyo yenye uzito mdogo. Cha kuuliza ni umekaa wapi. Kuna unaochungulia ndani ya mfuko wa uzazi, kuna uliojificha ndani ya nyama ya kizazi, na kuna ulioota kwa nje. Uvimbe wa sentimita 2 uliochungulia ndani unaweza kumwaga damu nyingi kuliko wa sentimita 8 ulioko nje, ambao mwenye nao huenda hajui kama upo. Kama hautoi damu, haubani kibofu, hauumi na hauzuii mimba, unaachwa na kupimwa tena baada ya miezi kadhaa. Kwa mwanamke anayekaribia kukoma hedhi hoja hiyo ina nguvu zaidi, maana hedhi ikikoma fibroidi nyingi husinyaa zenyewe. Ukianza kukua baada ya hedhi kukoma, hapo usingoje.

Jambo la pili ni damu, na hapa ndipo ninapolalamika zaidi. Mama anayelowesha pedi ndani ya saa moja au mbili, anatoa mabonge na hedhi inapita siku 7, huja na hemoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, ya 6 au 7. Kumpeleka chumba cha upasuaji akiwa hivyo, wakati hakuna dharura, ni kucheza na maisha yake. Wapasuaji wengi hutaka angalau 10. Kutoka 7 hadi 10 kwa vidonge vya madini ya chuma ahesabu wiki 6 hadi 8, na hiyo ni kama hedhi imedhibitiwa. Vinginevyo anajaza ndoo iliyotoboka. Kudhibiti kuna njia zake. Asidi ya traneksamiki, gramu 1 mara 3 kwa siku, humezwa siku za damu nyingi tu, kwa kawaida zisizozidi 4, na haimfai aliyewahi kupata damu iliyoganda kwenye mishipa. Kitanzi chenye homoni nacho husaidia, ikiwa uvimbe haujapindisha nafasi ya ndani. Vidonge vya chuma visimezwe na chai. Chai huzuia chuma kuingia mwilini, na katika nyumba zetu chai ndiyo kinywaji cha asubuhi. Ameze kwa maji au juisi ya chungwa, chai ingoje saa moja au mbili. Akishindwa na vidonge kwa kichefuchefu au kufunga choo, ipo chuma ya dripu.

Na ndugu wachangie damu mapema. Kusubiri hadi asubuhi ya upasuaji ndipo watu waanze kupigiana simu Nyegezi na Igoma si mpango.

Sasa kisu chenyewe. Kutoa uvimbe peke yake na kuacha kizazi humfaa anayetaka kuzaa, au asiyetaka tu kupoteza kizazi chake, na hiyo ni sababu tosha. Daktari hufunga mpira mwembamba kuzunguka sehemu ya chini ya kizazi kubana mishipa ya damu, hupasua juu ya uvimbe, huubandua kutoka kwenye ganda lake, kisha hushona tabaka kwa tabaka ili pasibaki tundu la kukusanya damu. Misoprostoli, dawa ya kukaza kizazi, ikiwekwa kabla ya kuanza hupunguza damu inayopotea. Yanayoharibika ni matatu: damu kuzidi hadi kizazi kilazimike kutolewa papo hapo kwenye meza ya upasuaji, utumbo kunata kwenye kovu, na uvimbe mwingine kuota miaka ya mbele. Fomu lazima iseme hilo la kwanza waziwazi. Na kama kovu limeingia ndani ya ukuta, mimba ijayo huzaliwa kwa upasuaji, si kwa uchungu. Aondoke na maandishi yanayosema hivyo, maana huenda akaja kujifungulia Sengerema au Nansio kwa mtu asiyemjua.

Kutoa kizazi kunamaliza hedhi na kunamaliza fibroidi. Lakini hakuna kutoa kizazi kwa aina moja. Uliza: shingo ya kizazi inabaki? Ikibaki, uchunguzi wa saratani ya shingo ya kizazi unaendelea kama kawaida, na wengi hawaambiwi. Ovari, yaani vifuko vya mayai, zinabaki? Zikibaki, hedhi inakoma ila joto la ghafla na ukavu wa kukoma hedhi hauji mara moja. Zikitolewa kwa mwanamke wa miaka 40, mifupa na moyo vinalipa gharama, kwa hiyo bila sababu ya msingi zisiguswe. Tena uliza njia: kizazi kidogo au kilichoshuka mara nyingi hutolewa kupitia ukeni, maumivu huwa machache na mtu hurudi nyumbani mapema. Kupona ni kama wiki 6: hakuna ndoo ya maji kichwani, hakuna tendo la ndoa.

Kuhusu "kusafisha kizazi" nitasema kwa kifupi. Ni tiba ya mimba iliyoharibika ikabakiza mabaki, na chini ya wiki 14 hufanywa kwa bomba la kunyonya, si kwa kijiko cha chuma cha kukwangua ambacho Shirika la Afya Duniani halikipendekezi tena. Haitibu ugumba. Kukwangua hovyo kunaweza kugandanisha kuta za ndani na kuuleta ugumba wenyewe.

Uvimbe wa maji kwenye ovari, ulio mwepesi na chini ya sentimita 5, kwa mwanamke anayepata hedhi kwa kawaida huisha wenyewe. Rudia kipimo baada ya wiki 6 hadi 12. Isipokuwa maumivu makali ya ghafla upande mmoja na kutapika. Hapo ovari huenda imejisokota, na hospitali ni siku hiyo hiyo.

Kuna jambo la kwetu. Damu baada ya tendo la ndoa na vipele vya chembechembe kama mchanga kwenye shingo ya kizazi vinaweza kuwa kichocho, na huonwa kama ugonjwa wa zinaa au saratani. Ni kile cha mkojo, kinachopatikana zaidi kwenye mabwawa na majaruba ya mpunga ya Misungwi na Kwimba kuliko ufukweni mwa Ziwa Victoria, ambako kichocho cha tumbo ndicho kimetawala. Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Daktari asiyeuliza mgonjwa amekulia wapi atampa antibiotiki mzunguko baada ya mzunguko.

Baada ya kurudi nyumbani, homa, usaha kwenye mshono au mguu mmoja kuvimba ni sababu ya kurudi. Mkojo kuvuja bila kuzuilika pia, hata ukianza wiki ya pili: mirija ya mkojo hupita karibu sana na shingo ya kizazi na inaweza kuumizwa wakati wa kufunga mishipa. Na nyama iliyotolewa lazima iende maabara. Majibu huchukua muda, na yakifika hakuna anayempigia mgonjwa aliyeko kisiwani, kwa hiyo kabla ya kuruhusiwa chukua namba ya sampuli na jina la kitengo cha kuyafuatilia.