Karatasi za Henderson, Taji la Goodman

Masimulizi ya kuinuka kwa swing, jazi ya kuchezwa ya bendi kubwa, nchini Marekani huanzia mara nyingi katika ukumbi wa Palomar, Los Angeles, usiku wa tarehe 21 Agosti 1935, pale Benny Goodman, kiongozi wa bendi Mzungu, alipoziweka kando nyimbo za kubembeleza, bendi ikapiga vipande vya moto, na vijana wakaacha kucheza ili walisogelee jukwaa. Wanaomwita Mfalme wa Swing wana hoja: alikuwa hodari wa klarineti, mkali wa mazoezi, na katika zama za ubaguzi alimweka jukwaani mpiga piano Mweusi, Teddy Wilson. Tena mipangilio ya muziki, yaani karatasi zinazoonyesha kila ala ipige nini na lini, aliinunua, hakuiiba.

Kuinunua kwa nani, na kwa nini ilikuwa inauzwa? Fletcher Henderson, msomi wa kemia aliyeanza kuongoza bendi katika ukumbi wa Roseland, New York, mwaka 1924, ndiye aliyehangaika pamoja na Don Redman, mpangaji muziki wa bendi yake, na swali la msingi la bendi kubwa: wapulizaji wakiwa wengi, nani asikike? Wakaamua saksafoni zitamke kauli fupi, tarumbeta na trombone ziitikie, kisha wote wampishe mmoja ajimwage atakavyo. Kibao cha mpiga piano na mtunzi Jelly Roll Morton, "King Porter Stomp", bendi ya Henderson ilikirekodi mwaka 1928 na ikakirudia zaidi ya mara moja. Goodman alikirekodi Julai 1935 kwa mpangilio wa Henderson huyohuyo, na hapo ndipo kikavuma.

Kilichowatenganisha, kwa maoni yangu, ni redio kuliko kipaji. Katika kipindi cha "Let's Dance" cha mtandao wa redio wa NBC, Goodman alipiga usiku wa manane kwa saa za New York, wakati ambapo California, iliyo nyuma kwa saa tatu, vijana walikuwa bado macho. Hao ndio waliojaza Palomar. Bendi ya Henderson ilikuwa imevunjika mwaka 1934. Ni kweli kwamba hakuwa meneja mzuri, hasa baada ya ajali ya gari ya 1928, lakini hata umahiri wa meneja haufungui mlango ambao wanamuziki Weusi walikuwa wamefungiwa tangu mwanzo. Na malipo ya karatasi hutolewa mara moja, ilhali ukumbi hujaa kila usiku karatasi hiyo inapopigwa.

Mwaka 1939 Henderson aliajiriwa na Goodman, akawa mwandishi wake wa mipangilio na, kwa kitambo, mpiga piano wa bendi.