Msinitume Serengeti kwa Ajili ya Orion

Kila Januari wimbo ni uleule. Mtu kajinyima, kanunua darubini, anauliza afanyeje apate picha ya nebula, wingu la gesi angani, akiwa uani kwake Tabata, na jibu analopewa ni moja: "Dar hapana, taa nyingi. Nenda Serengeti." Sawa. Apande basi na kilo 20 za vyuma na betri, akalale na fisi, ili apige picha ya kitu alichokiacha juu ya paa lake.

Na kweli kiko juu ya paa lake. Deklinesheni ya Nebula ya Orion, yaani latitudo yake ya angani, ni digrii −5.4, Dar iko latitudo −6.8, kwa hiyo inapita digrii 1.4 tu kutoka utosini. Kwa mkazi wa London haiwezi kupanda zaidi ya digrii 33 juu ya upeo. Anaitazama kupitia hewa nene karibu mara mbili ya yetu, mwanga wa jiji lake ukiwa umelala hukohuko chini. Na anapiga, tena bustanini, huku sisi tunapeana nauli za Arusha.

Taa zina makosa, sikatai. Kuna bango la LED linalotangaza bando kwa popo saa nane usiku, na aliyeliweka anajua wateja wake. Lakini tupige hesabu badala ya kulalamika. Anga hupimwa kwa "ukubwa", na namba ikipanda mwanga unapungua. Ya katikati ya jiji ikiwa na ukubwa wa 18 kwa sekunde ya tao mraba (kijipande kidogo cha anga), na ya porini 21, tofauti ni mara 16 za mwangaza. Picha ya saa 1 porini itataka saa 16 mjini, ubora uleule.

Hiyo ni bila filta. Nebula za gesi hazitoi mwanga wa kila rangi. Haidrojeni inawaka nyekundu kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.3, oksijeni kwenye 500.7, kisha vimstari vingine vichache. Taa nyeupe ya LED imejimwaga kote, kuanzia 400 hadi 700. Weka filta ya bendi mbili yenye madirisha ya nanomita 7, na kati ya zile nanomita 300 unaruhusu 14 tu. Uchafu wa jiji unabaki kama moja ya ishirini, na gesi inapita karibu yote. Jiji limekuibia mara 16, filta imekurudishia takriban hizohizo. Ndiyo maana mwenye darubini ya milimita 60 na filta nzuri anaweza kumpita mwenye kioo cha inchi 8 asiye nayo, na ndiyo maana nachukia kuona mtu anashauriwa "ongeza ukubwa wa darubini". Darubini kubwa inakusanya na taa za jirani vilevile.

Mkinunua, msibabaishwe na filta za zamani za bei poa. Zilitengenezwa kukata taa za sodiamu na zebaki, na taa hizo zinaondoka barabarani. LED inazipita kama ungo. Kamera ya kawaida nayo ina kioo mbele ya sensa kinachozuia sehemu kubwa ya ile 656.3, kwa hiyo kama haijatolewa kioo hicho, wekundu utausikia kwa wenzako.

Kinachobaki ni pupa. Fremu tano za sekunde 30, picha inatoka kama chai ya maziwa, lawama kwa TANESCO. Kwa darubini ya f/5 (urefu wa fokasi mara tano ya kipenyo) mjini, bila filta sekunde 10 hadi 20 zinatosha, ukizidisha unajaza anga tu. Ukiwa na filta, nenda 120 hadi 180. Tazama histogramu, ile grafu ya mwangaza kwenye kamera: kilima kiwe kimeachana na ukuta wa kushoto, kisivuke theluthi. Fremu 120 za sekunde 120 ni saa 4, na hapo ndipo mabawa ya Orion yanaanza kutoka kwenye chenga. Moyo wake utaungua hata hivyo, kwa hiyo ongeza fremu 30 za sekunde 5 uzichanganye baadaye. Chenga hupungua kwa kipeuo cha pili cha muda tu: ukitaka chenga ziwe nusu, saa ziwe mara nne. Hakuna kitufe cha kukwepa hilo, hata kwenye programu ya kulipia. Siril ya kuunganisha fremu ni bure, GraXpert ya kufuta weupe wa taa upande mmoja ni bure.

Fremu za flati, yaani picha za mwanga mweupe sawasawa za kufutia vivuli vya vumbi, usiziruke. Fulana nyeupe juu ya mdomo wa darubini, tableti juu yake, fremu 25, bila kugusa fokasi wala kuzungusha kamera. Mjini unavuta picha kwa nguvu sana, na kila punje ya vumbi itageuka donati.

Sasa maunti, kile kichwa cha mota kinachogeuza darubini kufuata nyota. Maelekezo yote yanaanza na "lenga Polaris", nyota ya ncha ya kaskazini. Polaris ipi, jamani? Kwetu iko chini ya ardhi. Sigma Octantis, nyota ya ncha ya kusini, ni hafifu, ukubwa wa karibu 5.5, digrii 7 hivi juu ya upeo, ndani ya joto na taa, usijisumbue. NINA, programu ya kompyuta ya kuendesha kamera na maunti, ina njia ya pointi tatu: inapiga picha tatu, inazilinganisha na ramani ya nyota, inakuambia skrubu ipi uzungushe. Kabla ya kulipia maunti, soma latitudo yake ya chini kabisa. Ikiishia digrii 15, mguu mmoja uweke kaskazini na uupandishe kwa kigogo: stendi ya upana wa sentimita 80 inataka sentimita 1.4 kwa kila digrii, yaani kama 11. Miguu miwili ikikaa kusini, mche wa uzito unaosawazisha darubini utaning'inia katikati yao badala ya kugonga chuma.

Wenye vidarubini vya kuongozwa na simu, visivyo na maunti ya ikweta, yaani vinavyogeuka juu-chini na kushoto-kulia tu, hapa mmebarikiwa. Kuanzia muda wa saa tatu kabla Orion haijafika utosini hadi muda wa saa moja kabla, fremu inajizungusha kama digrii 2 tu. Nusu saa ya mwisho ndipo mashine inapagawa; simamisha, kunywa chai, endelea ikishaingia magharibi.

Haya, kuna cha kuwapa watu wa Serengeti. Galaksi, na lile vumbi la buluu la Kilimia linaloakisi nyota zake, havina filta ya kuvisaidia. Hivyo fuateni giza.

Kamera yenye kipoza usiiamuru −20 katika joto la Dar. Inashusha kama digrii 35 tu ikikazana, kwa hiyo weka 0 itulie. Na mkanda wa joto mdomoni mwa darubini tangu mwanzo, umande wa pwani haubishi hodi.

Mwanzoni mwa Januari Orion iko utosini kama saa 5 usiku, mwanzoni mwa Februari saa 3. Ikishuka magharibi, usifunge. Nebula ya Carina kwa saa za kistaarabu ni ya Aprili, na Aprili ni ya masika. Ila Februari hiyohiyo, saa 8 usiku, iko digrii 37 upande wa kusini. Wa Kigamboni, taa za mjini ziko mgongoni kwenu.