Porcello au Verlander: kura 14 zilizoshindwa na kura 8

Tarehe 2 Oktoba 2016, siku ya mwisho ya msimu wa kawaida wa besiboli Marekani, Justin Verlander alipanda kilima cha mrushaji mjini Atlanta. Timu yake, Detroit Tigers, ilikuwa bado inaihesabu tiketi ya mtoano. Kipindi cha kwanza tu, Freddie Freeman wa Atlanta akaupiga mpira juu. Ulidakwa, naye akatolewa, ila mwenzake aliyekuwa besi ya tatu akapata mwanya wa kukimbilia besi ya nyumbani, na huo ni mkimbio, yaani pointi. Moja bila. Verlander akarusha vipindi saba bila kuruhusu mkimbio mwingine, na wapigaji wa Detroit hawakuleta hata mmoja. Mchezo ukaisha 1-0, Detroit wakarudi nyumbani, na mbele ya jina la Verlander ikaandikwa kwamba amepoteza.

Wiki mbili nyuma, 19 Septemba, Rick Porcello wa Boston Red Sox alikuwa Baltimore. Alirusha vipindi vyote tisa kwa mirusho 89 tu. Siku hizi mrushaji akifikisha mirusho 90 mara nyingi yuko kipindi cha sita na kocha keshaanza kutazama benchi. Boston walishinda 5-2, ukawa ushindi wa 21 wa Porcello. Alimaliza msimu na 22, akapoteza mara 4. Verlander alimaliza na 16, akapoteza 9.

Novemba, Porcello akatangazwa mshindi wa tuzo ya Cy Young ya ligi ya American, tuzo ya mrushaji bora wa msimu. Alipata alama 137, Verlander 132. Hapo ndipo kelele zilipoanza, kwa sababu katika wapiga kura 30, waliomweka Verlander nafasi ya kwanza walikuwa 14. Waliomweka Porcello walikuwa 8.

Hesabu haina uchawi. Kila mpiga kura, mwandishi wa habari za besiboli, huorodhesha majina matano: wa kwanza hupata alama 7, wa pili 4, kisha 3, 2 na 1. Porcello alipewa nafasi ya pili na watu 18, na hizo pekee ni alama 72. Verlander alikuwa na mashabiki wengi zaidi wa nafasi ya kwanza, lakini waandishi wawili hawakumwandika kabisa, si wa kwanza wala wa tano. Wote wawili walitoka eneo la Tampa Bay. Wangemweka wa tatu tu, kila mmoja, bila kuzigusa alama za Porcello, Verlander angefika 138. Mchumba wake, mwanamitindo Kate Upton, aliingia Twitter kwa maneno ambayo gazeti la heshima halichapi.

Sasa tuache hasira, tuangalie kazi.

Hoja iliyosikika zaidi upande wa Porcello ilikuwa zile 22, nayo ndiyo hoja yake dhaifu kuliko zote. Mrushaji anayeanza mchezo huandikiwa ushindi akirusha angalau vipindi vitano, akatoka timu yake ikiwa mbele, na uongozi huo usipotee baadaye. Soma tena masharti hayo: nusu ya kazi ni ya watu wengine. Ni kama kumpima kipa kwa mabao ya mshambuliaji wake. Boston mwaka ule walileta mikimbio 878, mingi kuliko timu yoyote ya ligi kuu zote mbili. David Ortiz alikuwa anaaga kwa msimu wa moto, Mookie Betts akipiga kila kona. Ukiwa na watu hao nyuma yako, hata siku unayofungwa minne unaweza kulala mshindi. Verlander alifungwa mmoja Atlanta akalala ameshindwa.

Lakini wanaomtetea Verlander nao hukimbilia kusema Porcello alibebwa, na hapo wanateleza. Katika vipindi 223 Porcello aliwapa wapigaji besi ya bure, kwa kurusha mipira minne nje ya eneo, mara 32 tu. Verlander alitoa 57 katika vipindi 227 na theluthi mbili. Mtu anayetoa zawadi 32 kwa msimu mzima hajabebwa na mtu. Huyo anaulenga mpira anapotaka uende. Tena nyumbani kwake ni Fenway, uwanja ambao ukuta wa kushoto uko karibu kiasi kwamba mpira wa kawaida, ambao pengine ungedakwa, unagonga juu na kugeuka balaa. Na huyu ndiye aliyeshinda 9 na kupoteza 15 mwaka uliotangulia, akifungwa karibu mikimbio mitano kwa kila vipindi tisa, huku Boston wengi wakiujutia mkataba wake. Binafsi naona mabadiliko hayo ndiyo hadithi nzuri kuliko zote za msimu ule. Ila tuzo si ya hadithi.

Tukija kwenye mikimbio waliyofungwa kwa makosa yao wenyewe, tofauti karibu haionekani. Porcello 3.15 kwa vipindi tisa, Verlander 3.04. Ukiigeuza kuwa idadi, ni 78 kwa 77. Mkimbio mmoja! Kwa watu waliopanda kilimani zaidi ya mara thelathini kila mmoja.

Kinachowatenganisha ni namna walivyowatoa wapigaji. Verlander aliwatoa 254 kwa straiki tatu, yaani bila mpigaji kuuweka mpira uwanjani, akaongoza ligi. Porcello aliwatoa 189. Tofauti ni watu 65, na mchezo mzima wa besiboli una watu 27 wa kutoa, kwa hiyo tunazungumzia zaidi ya michezo miwili ambayo Verlander aliimaliza peke yake na mdakaji wake. Porcello alitegemea mpira unaozama, upigwe chini, wenzake waokote na kurusha besi ya kwanza. Hiyo ni mbinu halali, tena ya akili, ila sehemu ya kazi inabaki mikononi mwa wenzake.

Ndiyo maana kura yangu, kama ningekuwa nayo, ingekwenda kwa Verlander, kwa mwanya mdogo sana, na Porcello ningemweka wa pili bila kusita. Watu 18 nao walimweka pale pale. Neno wizi silikubali, maana hata waliomkataa Porcello nafasi ya kwanza walikiri kwamba yuko mlangoni. Wengine watano walimpa ya kwanza Zach Britton wa Baltimore, mrushaji wa kumalizia michezo, aliyelinda uongozi wa timu yake mara 47 kati ya 47 na kufungwa mikimbio 0.54 kwa vipindi tisa. Namwelewa aliyepiga kura hiyo, ila vipindi 67 mbele ya 227 ni kazi nyingine kabisa.

Kinachonishangaza ni kwamba mjadala huu ulidhaniwa umekwisha. Mwaka 2010 Felix Hernandez wa Seattle aliichukua Cy Young akiwa ameshinda 13 na kupoteza 12, kwa sababu alikuwa amefungwa mikimbio 2.27 tu kwa vipindi tisa na kila mtu aliona wapigaji wake walivyokuwa butu. Watu wakasema safu ya ushindi imekufa. Miaka sita baadaye ikafufuka Boston. Labda ni jina la tuzo lenyewe. Cy Young anakumbukwa kwa ushindi wake 511, idadi ambayo hakuna aliyeikaribia karne nzima hii, na wachache hukumbuka kwamba alipoteza pia zaidi ya 300, naye ni wa kwanza katika orodha hiyo vilevile.

Verlander na Porcello, kwa taarifa, walikuwa kikosi kimoja Detroit kuanzia 2009 hadi 2014, wakipokezana kilima kile kile. Verlander mwenyewe alikwishaikosa tuzo hii 2012 kwa alama nne, 149 dhidi ya 153 za David Price, aliyekuwa na ushindi 20 kwa 17 zake. Price huyo alikuwa akirushia Tampa Bay.